Aliyemuua Kaka Bondeni

Hapo zamani, na msiniulize miaka mingapi kwa sababu uchungu wenyewe haujaisha, katika bonde moja la visiwa vya Hawaii waliishi ndugu watatu: Nakoa mkubwa, Kapeka wa kati, na Lilinoe kitindamimba. Baba yao aliwaachia shamba la magimbi lililosimama majini, na mfereji wa kulinywesha kutoka mlimani.

Kwa watu wale gimbi ni kaka. Husema mtoto wa kwanza wa ukoo wao alizaliwa mfu, akazikwa, na juu ya kaburi likaota gimbi. Wa pili ndiye akawa binadamu. Kwa hiyo bakuli la magimbi yaliyopondwa likishafunuliwa, kaka yupo, anasikia. Hakuna kugombana wala kumnyima mtu mpaka lifunikwe.

Adhuhuri moja akaja bwana wa mashamba ya miwa. Alikuja wakati wa kula, tena makusudi, mjanja yule! Asubuhi hiyo jamaa wa juu mtoni walikuwa wamemwonya Lilinoe: huyo akishapewa maji, harudishi ng'o. Lilinoe akasema moyoni, nitawaambia wakishakula.

Bwana akala, akalamba vidole, akasema, "Nakoa, niazime maji yenu. Msimu mmoja tu."

Nakoa akatazama bakuli. Akamtazama Kapeka, maana kulifunika ilikuwa kazi yake. Kapeka akajifanya haoni. Mumewe alikuwa ameahidiwa unyapara kwenye miwa. Lilinoe akauma ulimi.

"Chukua," akasema Nakoa.

Maji yakaenda. Msimu ukapita, na wa pili. Walipoyadai, bwana akawapa mgongo. Matope yakapasuka, magimbi yakafa yote. Lilinoe akajifungua binti, akaenda kuzika kitovu chake pale vilipozikwa vitovu vya ukoo mzima. Jembe likagonga udongo mkavu, likaruka. Akaketi chini akalia kwa hasira.

Wazee wa bonde wakaamua: chemchemi iliyosalia inatosha nyumba mbili tu. Aliyemuua kaka ahame.

"Mimi nilishika mila," akasema Nakoa. "Ningemnyima mgeni mbele ya kaka, mngeniitaje?"

Kapeka akaja juu. "Kwani hilo 'chukua' lilitoka kinywani mwangu? Mimi nina watoto wa kulisha, kaka yangu! Na huyu mdogo wenu alijua yote, akanyamaza kama gogo. Mwulizeni!"

Wote wakamgeukia Lilinoe. Ni kweli alijua. Ni kweli pia kwamba katika wote watatu, yeye ndiye aliyemheshimu kaka zaidi, na alinyamaza kwa ajili yake. Mgongoni mwanawe akaanza kulia, na kitovu bado kimefungwa kitambaani, hakijapata ardhi.

Haya, ninyi mliotulia hapo kana kwamba hayawahusu, semeni: nani alimuua kaka yao? Na nani afunge virago?