Dzame na Neno Linalobeba Maneno

Paukwa!

Pakawa!

Paukwa! Nyie wa huko nyuma sijawasikia.

Pakawa!

Sasa ndiyo. Anayetafuna ameze kwanza, maana ngano hii ikifika katikati mtakasirika, nami sitaki mtu apaliwe.

Hapo kale palikuwa na kijiji kikiitwa Mitondooni. Watu wake walikuwa kama sisi, ila kwa jambo moja. Kila mtu mzima alirithi neno. Neno moja tu, kwa mama yake au kwa baba yake, na neno hilo lilikuwa na kazi yake moja.

Palikuwa na mjane jina lake Dzame. Neno lake lilikuwa Jaa. Akiuinamia mtungi mtupu akasema "Jaa!", mtungi unajaa maji mpaka shingoni. Jirani yake, Bi Kache, alikuwa na neno Twangika. Akikiambia kinu, mahindi yanajitwanga yenyewe. Mzee Ngala, mkuu wa kijiji, alikuwa na neno Simama. Ua ulioanguka akiuambia, unasimama.

Lakini neno lilisemwa kwa kitu kimoja kimoja. Mtungi huu, Jaa. Mtungi ule, Jaa. Na ule, Jaa. Kijiji kizima kilimtegemea Dzame kwa maji, na jua likizama koo lake lilikuwa limekauka kama gome. Hata hivyo hakulalamika. Alikuwa na binti yake, Sidi, aliyeimba tangu anapoamka mpaka anapolala, na Dzame akimsikia binti yake anaimba uani, uchovu unamtoka.

Basi, siku moja akaja mgeni.

Mrefu, mtanashati, meno meupe. Jua liliwaka kama moto, lakini yeye alikuwa amejizungushia shuka zito shingoni, kuanzia mabegani mpaka nyuma ya masikio.

Akasema, "Watu wa Mitondooni, nawaonea huruma. Mnasema neno kwa kila mtungi, neno kwa kila kinu? Mimi ninalo neno linalobeba maneno. Linaitwa Rudia. Sema Rudia, kisha taja neno lako. Litalichukua neno lako na kulipeleka kwa kila kitu kinachohusika, mara moja. Nawapa bure."

Watu wakashangilia. Bure! Mtu akiwaambia bure, wanangu, shikeni masikio yenu.

Dzame akauliza, "Na linafanya nini kingine?"

Mgeni akacheka. "Mama, mitungi yote ikijaa, unataka nini kingine?"

"Sikuulizi ninachotaka. Nakuuliza linafanya nini kingine."

"Linabeba tu, mama. Linabeba tu."

Watu wakamzomea Dzame. "Mama Sidi naye! Kupewa hataki, kunyimwa hataki!"

Basi, Bi Kache akawa wa kwanza. Akasimama uani kwake akasema, "Rudia Twangika!" Vinu vyote vya kijiji vikaanza kutwanga, du, du, du! Kufumba na kufumbua, unga umejaa kila nyumba. Vigelegele vikapigwa. Kesho yake alfajiri, jogoo wa Bi Kache akapanda juu ya banda, akanyoosha shingo, akafungua mdomo. Kimya. Bi Kache akasema, "Ameshikwa na kideri huyu, ugonjwa wa kuku."

Wa pili akawa Mzee Ngala. Akasema, "Rudia Simama!" Nyua zote zilizolala zikasimama wima. Vigelegele vikapigwa. Jioni ile fisi akapita karibu na zizi, na mbwa wa Mzee Ngala akamkimbilia, akafungua mdomo. Kimya. Mzee akasema, "Mbwa huyu amezeeka."

Dzame aliyaona yote mawili. Akaendelea na mitungi yake, mmoja mmoja.

Siku moja ikaja harusi kubwa, wageni wa vijiji vyote vya jirani. Mzee Ngala akaja mwenyewe nyumbani kwa Dzame.

"Mama Sidi, tunataka mitungi yote ya kijiji ijae kabla ya jua kuwa kali."

"Nitaijaza, mzee. Mmoja mmoja."

"Wageni wako njiani, wewe unatuletea mmoja mmoja? Sema Rudia! Au unataka kijiji kiaibike kwa ukaidi wako?"

Dzame akasita. Moyo ulikataa. Lakini yule alikuwa mkuu wa kijiji, na watu walikuwa wamejaa mlangoni wanamtazama kwa macho mabaya. Akasema, "Rudia Jaa!"

Mitungi yote ikajaa.

Na uani, wimbo wa Sidi ukakatika katikati ya neno.

Dzame akatoka mbio. Akamkuta binti yake amesimama, mikono kooni, mdomo wazi. Anasukuma, anasukuma, sauti haitoki. Machozi yanatiririka, hata kilio hakisikiki. Wanangu, mmewahi kumwona mtoto analia bila sauti? Msiombe.

Dzame akamchukua binti yake akampeleka uwanjani mbele ya watu wote. "Tazameni! Tazameni neno lenu limefanya nini!"

Mgeni akajitokeza, taratibu, akiliweka vizuri shuka lake. "Pole sana, mama. Lakini neno langu linabeba tu. Punda akibeba mzigo, na mzigo ukanuka, mnampiga punda? Mwenye kosa ni neno lililobebwa."

Watu wakatazamana. Bi Kache akasema, "Kweli. Mimi neno langu ni la bibi yangu, halijawahi kumdhuru mtu." Mzee Ngala akasema, "Na langu ni la babu yangu." Kisha wote wakamgeukia Dzame.

"Maji yako tunakunywa sote," akasema Bi Kache. "Wanyama wetu wanakunywa. Nani ajuaye yana nini ndani yake? Mchawi wewe!"

Huyo ni jirani, jamani! Aliyejaziwa maji miaka yote!

Dzame akamkabili. "Kache, jogoo wako alinyamaza kabla sijalitumia Rudia hata siku moja. Maji yangu mnakunywa tangu mama yangu yuko hai. Nani alipoteza sauti wakati huo? Mtaje!"

Lakini Mzee Ngala akapiga fimbo chini. "Maneno mengi hayasaidii. Mama Sidi, utaliacha neno lako leo hii, au utaondoka Mitondooni pamoja na mtoto wako."

Sidi akamng'ang'ania mama yake. Mdomo wake ukafunguka, ukafumbika, ukafunguka. Alikuwa na jambo la kusema, na hakuna aliyelisikia.

"Sitaliacha, na siondoki!" akasema Dzame. "Mnanihukumu kabla ya kutazama? Mwageni maji ya mtungi mmoja, mniletee."

Wakauleta. Dzame akauinamia, akasema neno lake peke yake. "Jaa!" Mtungi ukajaa. "Haya, nani amenyamaza? Kuku wangu hawa hapa, wanalia. Mbuzi wangu wale, wanalia. Jaa linajaza mtungi, basi. Sasa nisikilizeni. Kache, wewe ulisema nini siku ile?"

"Rudia Twangika."

"Na wewe, mzee?"

"Rudia Simama."

"Na mimi nimesema Rudia Jaa. Twangika si Simama, na Simama si Jaa. Lililokuwamo mara zote ni lipi?"

Watu wakanong'onezana, "Rudia." Lakini mgeni akatabasamu. "Mama ana maneno matamu. Huenda hayo matatu yote yana kasoro, kila moja na yake. Utajuaje? Punda hajawahi kutembea bila mzigo."

"Basi tumpakie mzigo mtupu," akasema Dzame, "tuone kama atanuka."

Sasa wanangu, kuna mtu sijawatajia, kwa sababu hata Mitondooni hakuna aliyekuwa akimtaja. Aliitwa Kalume. Neno alilorithi lilikuwa Kaa. Akiliambia jiwe "Kaa!", jiwe linabaki kama lilivyokuwa. Akiuambia mtungi, mtungi unabaki kama ulivyokuwa. Neno lisilofanya chochote! Watu walimcheka, naye akaacha hata kulisema. Alikuwa na mbuzi mmoja mwenye kelele nyingi, basi.

Dzame akamwita. "Kaka Kalume, nisaidie. Sema neno lako limebebwa na Rudia."

Mgeni akaacha kutabasamu. "Halina maana! Neno la bure hilo!"

"Kama halina maana, unaogopa nini?" akauliza Dzame.

Kalume akasogea mbele kwa haya, mbuzi wake akiwa kando anapiga kelele, mee, mee, mee. Akasema, "Rudia Kaa!"

Hakuna mtungi uliofurika. Hakuna kinu kilichotwanga. Hakuna ua uliotikisika. Vitu vyote vilibaki kama vilivyokuwa.

Ila mbuzi wa Kalume. Alifungua mdomo. Kimya.

"Mbuzi wangu!" akapiga kelele Kalume. "Mwizi! Neno langu halijamgusa kiumbe tangu nizaliwe!"

Watu wakaguna kama ngurumo. Wakamgeukia mgeni, na wa karibu akamvuta shuka. Shuka likaanguka.

Lo! Nyuma ya shingo palikuwa na mdomo wa pili, mpana, mwekundu, meno kama misumari, ukimung'unya. Hakuwa mgeni, lilikuwa zimwi! Mdomo wa mbele ulikuwa ukisema Rudia, na mdomo wa nyuma ulikuwa ukila. Kazi ya mbele waliiona watu wote, ya nyuma ilikuwa imefunikwa.

Zimwi likacheka. Likawika kwa sauti ya jogoo, likabweka kwa sauti ya mbwa. Kisha likaimba. Liliimba kwa sauti ya Sidi, wimbo uleule, likiendelea pale ulipokatika.

Watu wakaogopa, wengine wakakimbia. Mzee Ngala alijificha nyuma ya ua wake aliousimamisha. Lakini Dzame, aliposikia sauti ya mtoto wake inatoka katika mdomo ule, hakuogopa. Hasira haikumwachia nafasi ya kuogopa.

"Ninayo maneno yenu yote kichwani," zimwi likasema. "Nitayabeba moja baada ya jingine, na nyumba zenu zote zitanyamaza. Rudia..."

Dzame akafikiri upesi. Kache alipotaja neno lake, iliibwa sauti ya jogoo wa Kache. Ngala alipotaja lake, iliibwa ya mbwa wa Ngala. Langu, ya mtoto wangu. La Kalume, ya mbuzi wa Kalume. Mwizi huyu huingia katika nyumba ya mwenye neno lililobebwa. Na hili neno Rudia lenyewe, mwenyewe ni nani?

Akalikatiza zimwi kwa sauti yote aliyokuwa nayo:

"Rudia Rudia!"

Mdomo wa nyuma ukafunguka, ukatafuta nyumba ya mwenye neno, na mwenye neno alikuwa mwenye mdomo. Ukaanza kumfyonza mwenyewe! Neno likajibeba, likajibeba tena, likajibeba tena, halina pa kukomea. Zimwi likazunguka kama pia ya watoto, likishika shingo. Sauti moja ikatoka, ikafuata ya pili, zikafuata nyingine za vijiji ambavyo hakuna aliyevijua: vicheko vya wazee, vilio vya vitoto vichanga, milio ya ng'ombe. Mwishowe ikatoka sauti ya zimwi lenyewe, nene, na upepo ukaichukua.

Likabaki limesimama, midomo yote miwili ikifunguka na kufumbika, haina hata mnong'ono. Likageuka, likaondoka porini. Asiye na sauti hawezi kusema Rudia.

Mbuzi wa Kalume akalia mee. Mbwa wa Mzee Ngala akabweka. Jogoo wa Bi Kache akawika, ingawa tangu siku hiyo akawa anawika saa sita mchana.

Na Sidi? Watu walimzunguka, wakingoja aimbe. Hakuimba. Alimwendea Mzee Ngala pale nyuma ya ua, akamnyooshea kidole, akasema kwa sauti iliyosikika kijiji kizima:

"Mmemwita mama yangu mchawi! Nilikuwa nawaambia siyo, nawaambia siyo, nawaambia siyo, na hamkunisikia!"

Mzee Ngala akajikohoza. "Yamekwisha, mjukuu wangu. Sote tulidanganywa. Tusameheane."

"Hayajakwisha," akasema Dzame. "Mgeni ambaye hamkumjua hata jina mlimwamini bila kumuuliza. Mimi mliyenijua tangu nazaliwa mlinihukumu bila kutazama. Mmeniita mchawi hapa uwanjani mchana kweupe. Mtasema hapahapa uwanjani, mchana huuhuu, kwamba mlikosa."

Kisha Mzee Ngala akatoka nyuma ya ua, akavua kofia, akasema. Bi Kache akasema naye, huku analia. Dzame akawasikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akamshika mwanawe mkono wakaenda nyumbani. Wageni wa harusi wakayanywa maji yote, na mitungi ya Mitondooni ikakaa mitupu mpaka siku iliyofuata, wala hakuna aliyethubutu kwenda kugonga mlango wa Dzame.

Tangu hapo likawa jambo la lazima. Anayeleta neno geni Mitondooni atasema mbele ya watu linafanya nini, na linagusa nini. Kama ni neno la kubeba maneno mengine, linapewa kwanza Kaa la Kalume lilibebe, watu wakikodoa macho. Kalume akawa mtu wa kuitwa mbele, na akawa na maringo kidogo, tumwache.

Ngano yangu imefika mlangoni kwake, nami naifungia hapa. Fundisho lake ni hili: mkipewa kitu, msitazame tu kazi kinayoifanya mbele yenu. Kizungukeni, mtazame na nyuma. Na jambo likiharibika, msimkamate aliye karibu kabla hamjalitafuta lililoharibu.