Kalunguyeye wa Italia na Shamba la Bure

Watoto wangu, fumbeni macho kidogo. Mnaliona bonde la majani mabichi? Mnawaona wale kalunguyeye wadogo, wenye miiba mgongoni, wamebeba masufuria na mafurushi?

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko na milango kama sisi, kalunguyeye hao walitoka Italia, ng'ambo ya bahari, kutafuta mahali pa kulima. Walileta miche ya mizabibu, imefungwa kwa kitambaa kibichi. Miche ilianza kunyauka. Ikipandwa pabaya, basi, hakuna mingine.

Aliyewapokea ni Kiboko. Ninyi mnamjua Kiboko. Wao hawakumjua, maana kwao hayupo.

"Mimi ni nguruwe," alisema, akifunga vifungo vya koti lake. "Nguruwe wa mlimani. Nimenenepa kidogo tu. Bonde hili lote nawapa. Bure!"

"Bure!" Kalunguyeye mmoja, Gaspare, akaruka juu. "Shemeji Nunziata, umesikia? Tazama udongo ulivyo mweusi! Tupande leo leo!"

Nunziata hakuruka. Alikuwa mjane, mdogo kuliko wote, na pua yake haikutulia. Fss, fss! Pindo la koti la nguruwe huyu limelowa chapachapa, na mvua haijanyesha. Tena katikati ya matete kuna njia pana, majani yamelala chini. Nani anapita pale?

"Bwana, na wewe unapata nini?" akauliza.

"Mimi? Napata majirani, dada yangu."

"Mbona hulimi mwenyewe?"

"Mgongo unaniuma."

"Na njia ile?"

"Ah, upepo huo."

Upepo wenye miguu minne, Nunziata akawaza. Lakini akatabasamu.

"Tumekubali, bwana. Ila tuna desturi. Anayetoa shamba hukaa katikati yake, juani, akala na wageni mpaka chakula kiishe. Ndipo tunapanda."

"Desturi gani hiyo?" Gaspare akashangaa. "Mbona mimi..."

Nunziata akamchoma mwiba.

"Aii! Ndiyo, ndiyo! Desturi ya babu!"

"Umesema chakula?" Kiboko akalamba midomo. "Nakaa!"

Wakapika polenta, ambayo ni ugali wa mahindi wa kwao. Nunziata akapakua kijiko kimoja. Akasimulia habari za shangazi yake. Akapakua kijiko kingine. Akasimulia habari za mume wa shangazi. Jua likawaka, wa! wa! wa!

"Mama, pakua upesi!"

"Taratibu, bwana. Vua koti basi."

"Siwezi... ngozi yangu..."

Matone mekundu yakaanza kumtiririka shingoni.

"Lo! Nguruwe anatoka damu!" Gaspare akapiga kelele.

"Si damu, ni jasho! Naungua! Nipisheni!"

Koti likapasuka, chaaa! Kiboko akatimua mbio, puu! puu! puu!, moja kwa moja kwenye ile njia ya matete. Kisha wakasikia: CHUBWI!

Wakamfuata. Kumbe nyuma ya matete kuna mto mkubwa, na juu ya maji matundu mawili ya pua.

"Nguruwe wa mlimani, hujambo?" Nunziata akamwita. "Na usiku ukitoka humo unakula wapi?"

Hasira zikamsahaulisha Kiboko uongo wake. "Hapo hapo mliposimama! Mngelima ninyi, mngepalilia ninyi, ningekula mimi! Bonde lote lingekuwa sahani yangu!"

Gaspare akakaa chini, miiba imemsimama. "Shemeji, mimi nilishaanza kuchimba shimo."

"Lifukie, twende."

Wakapanda hadi kwenye mteremko wa mawe ambao hakuna aliyewasifia, mbali na mto. Nunziata akanusa udongo, akawauliza wenyeji mmoja mmoja, akauliza tena. Ndipo wakashika majembe.

Nanyi watoto wangu, nawaomba mkumbuke jambo moja tu: mtu akikupa kitu kizuri bure, msikilize kwa heshima, kisha umuulize yeye anapata nini.