Mguu wa Mama Mkwe

Hili sikusimuliwa, wapendwa. Nililiona mwanzo mpaka mwisho, kwa macho haya mawili, nikiwa nimeegemea ua wa jirani. Asiyeamini akautazame ua wenyewe, mpaka leo umepinda upande wangu.

Kulikuwa na bwana mmoja, huku huku kwetu milimani, mwenye pikapu kuukuu aliyoinunua pwani. Gari la pwani mnalijua: juu linang'aa kama bwana harusi, chini chumvi imeshalila. Siku moja akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni kama amekanyaga uji. Kuchungulia chini, paipu ya breki, ule mrija mwembamba unaopeleka mafuta kwenye magurudumu, imeoza kwa kutu na inachuruzika.

Na kesho yake ni harusi ya shemeji yake, kule bondeni. Mkewe ameshatangulia na bibi harusi. Yeye ndiye wa kumshusha mama mkwe, pamoja na akina mama wa kanisa na masufuria yao. Fundi yuko mjini, chini ya mlima. Sasa niambieni, gari lisilo na breki unalishushaje kwa fundi wa breki?

Basi akaamua kulitengeneza mwenyewe uani. Akamtuma mtu wa bodaboda akamletea paipu mpya ya shaba, ndefu, iliyoviringishwa, akaazima na vifaa. Hapa lazima nimsifu, maana mimi si mtu wa kusifu ovyo. Alilinyanyua gari kwa jeki, akalikalisha juu ya magogo, akaifungua ile paipu mbovu, akailaza chini iwe kipimo. Kisha akaikunja mpya kwa kuizungusha kwenye chupa ya soda, polepole, isije ikavunjika kiuno. Ilipokaa mahali pake ungedhani gari limezaliwa nayo.

Lakini ilibaki paipu nyingine, ya kwenda magurudumu ya nyuma. Nayo ina kutu, ila haijaanza kuvuja. Nati zake zimeng'ang'ania, jua linawaka, mgongo unauma. Akaitazama, nayo ikamtazama. Akaifuta kwa kitambaa, akaipaka rangi nyeusi iliyobaki ya madirisha, akaendelea na mengine. Nani angejua?

Sasa ukibadilisha paipu ya breki, upepo unaingia ndani, na lazima utolewe. Mmoja anakaa kwenye usukani akanyage na kushikilia, mwingine yuko chini anafungua nati ndogo upepo utoke. Aliye juu akiachia kabla ya nati kufungwa, upepo unarudi wote. Mtu peke yake hawezi. Na pale nyumbani hakuna mtu ila mama mkwe.

Mtauliza, wewe uliyeegemea ua kwa nini hukumsaidia? Mguu wangu ulikuwa umeteguka nilipofunga goli la ushindi, wazee wa kanisa dhidi ya walimu. Tusiende huko.

Na mama mkwe kwetu mnajua ni mtu gani. Hupiti mbele yake na kaptula. Humpazii sauti. Leo ulale chini ya gari, miguu imechomoza nje, umwamrishe?

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Si umeshaniamkia asubuhi?"

Akajieleza mpaka jasho likamtoka. Mama akapanda, akakaza kanga kiunoni. Kutoka chini ikasikika sauti ya upole: "Mama, naomba ukanyage, kama hutachoka." Akakanyaga. "Sasa mama, samahani, kama mguu haukuumi, naomba uendelee kidogo ku..." Kabla hajafika kwenye kushikilia, mama ameshaachia. Upepo umerudi. Wakarudia vile vile, upepo ukarudi vile vile.

Mama akainamia dirishani. "Baba, ulimposa mwanangu kwa maneno machache kuliko haya. Sema kanyaga, nikanyage."

"Siwezi kukuamrisha, mama."

"Kesho nimo ndani ya gari hili. Utaniheshimu mpaka kaburini?"

Halafu, wapendwa, nikasikia: "Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia!"

"Nimeshikilia!"

"Achia!"

Kijiji kizima kikageuza shingo. Wakaenda gurudumu kwa gurudumu mpaka pedeli ikawa ngumu kama jiwe. Mkwe akasema, "Inatosha, mama. Imeshika."

"Imeshika kwa mguu wa kubembeleza," mama akasema. "Kwenye kona mtu hakanyagi hivi. Anakanyaga na roho yake." Akaudaka usukani kwa mikono miwili, akajiinua kwenye kiti, akakanyaga kwa mwili wote aliopewa na Mungu. Na hakupewa kidogo.

Paa! Mafuta yakamrukia bwana yule kifuani. Akatoka chini akipiga kelele: "Mama! Umeiharibu!"

"Nimeiharibu, au nimeionyesha? Iliyopasuka ni ile mpya?"

Akachungulia. Ilikuwa ile nyeusi.

"Na rangi uliipaka ya nini, baba?"

Bwana akainamisha kichwa. Akasema, "Asante, mama." Akarudi chini, akang'oa kila paipu yenye kutu, akaweka mpya zote, na mama akakanyaga tena.

Kesho yake, nami nimo nyuma kati ya masufuria, kwenye kona kali kuliko zote, lori la kabichi limekwama katikati ya barabara. Bwana akakanyaga na roho yake. Gari likasimama karibu mno, hata mama mkwe akanyoosha mkono dirishani, akachuma jani la kabichi.

Ndugu zangu, sisi nasi ni hivyo hivyo. Tunatubu lile linalovuja, kwa kuwa watu wameliona, na lile ambalo halijavuja tunalipaka rangi tunakuja nalo kanisani. Halafu tunatafuta marafiki wa mguu mwepesi, wa kutuambia imeshika, imeshika. Akitokea mtu wa kutukanyaga kwa uzito wote tukiwa bado uani, kabla ya kona, tunapiga kelele kwamba ametuharibu! Je, ulitaka ikupasukie wapi?

Sasa niseme kweli, maana nimesimama mahali patakatifu. Kuna neno moja nimelitunga. Najua mnadhani ni kabichi. Kabichi ni kweli kabisa. Nililotunga ni ile "Asante, mama." Hakuisema. Siku ile hakuisema, na mpaka leo bado. Nimeiweka mwenyewe, kwa sababu mahali pake palikuwa wazi na panapitisha upepo.

Mama yupo, amekaa upande wa akina mama. Na yule bwana naye yupo, anajitazama viatu. Tusimame tuombe. Mlango wa kutokea ni mmoja, watakutana.