Kucha za Mlinzi wa Chui

Hapo zamani za kale, wanangu, na mwaka msiniulize, wanyama walikuwa na nyumba zao, wakibishiana hodi kama sisi. Mbwa alikwenda kwa Chui kulinda nyama ya arusi. Kazi ya siku tatu tu. Alimwambia mama yake, "Niwekee uji, narudi." Misimu miwili ya mahindi ikapita.

Hakufungwa kamba. Chui hakuwa mjinga kiasi hicho. Alimpa mifupa, akamtandikia mkeka laini mlangoni, akamwambia, "Kaa hapa, mwanangu. Mlinzi wa mtu mkubwa hatangitangi."

Mbwa akakaa. Lakini mbwa asiyetembea, kucha zake haziliki. Zikakua, zikakua, zikajipinda kama mundu. Kila alipoinuka zilimtangulia kugonga sakafu, ta, ta, ta, na maumivu yakampanda mpaka begani.

"Bwana, kucha zinaniuma."

"Zinakupendeza," alisema Chui. "Kucha fupi ni za watu wa jembe."

Jioni, kutoka ng'ambo ya Mlima wa Mawe, sauti ya mama yake ilikuja na upepo. Uuuu. Mbwa aliinuka, akapiga hatua kumi, akakaa chini. Alimtamani mama yake hata mfupa ukamshinda kutafuna. Mlima alikuwa anauona palepale. Miguu ndiyo iliyokataa.

Siku moja akapita Nguchiro, kinyozi wa mwituni, mwili mdogo, ulimi mwepesi, wembe kwapani.

"Hodi hapa."

"Karibu, ila sina cha kunyolewa," alisema Mbwa.

Nguchiro akaitazama miguu yake. "Na hizi?"

"Hizo zikate zote leo, ndugu yangu, niende kwa mama."

"Nikikata zote leo utatoka damu, na hata mtoni hufiki. Ndani ya ukucha mna nyama, nayo imerefuka pamoja nao. Tunakata ncha, tunangoja nyama irudi nyuma, tunakata tena. Kidogo kidogo."

"Chui hatakubali."

"Chui niachie mimi."

Chui mwenyewe akatoka ndani, uso umekunjamana. Siku nne alikuwa hajapata hata paa mmoja.

"Shikamoo, bwana mkubwa," alisema Nguchiro.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimepita bondeni, nimewasikia paa wanacheka. Wanasema wakisikia ta, ta, ta kwa Chui, wanajua nyumba imeamka, wanahama."

Chui akamgeukia Mbwa. "Hebu tembea."

Mbwa akatembea. Ta, ta, ta.

"Kata!" alinguruma Chui.

"Nakata, bwana. Ila zikikatwa lazima zisuguliwe kwa mawe. Kila asubuhi apande mlima. Leo hatua mia, kesho mia mbili."

"Mawe ya nini? Zangu sijawahi kuzipeleka mlimani."

"Zako zina ala, bwana. Zinalala ndani ya nyayo, unazitoa ukipenda. Za huyu maskini hazina pa kujificha."

Chui akatoa kucha zake, chwap, akazitazama kwa mapenzi, akazirudisha. Aliyezaliwa na ala atajuaje shida ya asiye nayo? Akasema, "Basi apande. Ila arudi kabla ya jua kali."

Kila siku ya saba Nguchiro alikuja. Kwach, ncha kidogo. Mbwa akapanda mawe, akarudi. Kurudi huko, wanangu, ndiko kulikomuuma kuliko kucha: kufika nusu ya mlima, kumsikia mama kwa karibu, kisha kugeuka.

"Leo?" aliuliza.

"Bado. Ukikimbia leo atakukamata njiani."

Hata asubuhi moja Nguchiro akakata ncha ya mwisho, Mbwa akatembea sakafuni, na sakafu ikanyamaza. Chui akafurahi sana. "Nenda kamalizie mlimani, mwanangu. Leo tunakula paa."

Mbwa akaenda. Akapita nusu ya mlima, akapita kilele, akakimbia.

Jua likawa kali. Chui akasimama mlangoni, sikio limeinuka. "Nguchiro, mbona simsikii akirudi?"

"Si ulitaka kimya, bwana?" alisema Nguchiro, akazama shimoni na wembe wake.

Huko ng'ambo, mama hakuja kumpokea mwanawe. Alikuwa amelala kizingitini, amezeeka, hatembei tena, na kucha zake zimejipinda.

"Umechelewa," alisema. "Uji umepoa."

Mbwa akalia, wala hakuficha. Kisha akakaa, akaupakata mguu wa mama yake, akaanza kuguguna ukucha kwa meno, taratibu.

"Zimalize zote, mwanangu," alisema mama. "Nataka nikutembeze shambani kabla hujaondoka."

"Leo ncha tu, mama," alisema Mbwa. "Siondoki."

Anayekusifia kinachokuuma, wanangu, amekufunga bila kamba.