Mdomo wa Birika la Bi Makiwa

Kilicholehemiwa hakisahauliwi motoni. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Muheza, na mwenye kuianzisha yu hai na anakunywa chai yake kila asubuhi. Nami ninayewasimulia ndiye fundi wa mambo hayo, fundi ambaye kazi yake, tangu ashike tupa, haijawahi kurudishwa na mteja.

Msicheke, watoto. Mmeuliza wenyewe. Jana mlimsikia bibi akimwambia mjomba Shekiondo, aliyepatana na mkewe baada ya ugomvi mrefu, "Haya, rudini kwenu, lakini kilicholehemiwa hakisahauliwi motoni." Leo mmejazana mlangoni pa karakana yangu mkitaka kujua maana yake. Naiita karakana, ingawa mama huiita banda lililohamwa na kuku.

Ufundi wa chuma niliupata sekondari. Nilipomaliza shule nikafunga jiriwa la kubania vyuma juu ya gogo, nikawa tabibu wa nyumba nzima. Bawaba inayolia, sufuria iliyong'oka mkono, jiko la mkaa lililotoboka tumbo, vyote vililetwa kwangu.

Sasa, shangazi Mwanahawa na jirani yake Bi Makiwa waligombana. Kuku wa Bi Makiwa waliparamia mpunga wa shangazi ulioanikwa mkekani, wakala, wakachakura, wakaacha na mengine nisiyoyataja. Tangu hapo ikawa hakuna salamu. Shangazi akikosa kaa la moto aliona heri avuke barabara kuliko kuomba nyumba ya pili. Mwishowe wazee wakawakalisha, wakapatana. Na kwa kutia muhuri, Bi Makiwa akamwazima shangazi birika lake la shaba, kumbukumbu ya marehemu mumewe, apikie chai wageni wa maulidi.

Maulidi yakaisha salama, ila birika likaanza kuvuja penye shina la mdomo.

Shangazi akaja kwangu amelificha ndani ya kanga. "Mhando, mwanangu, nisitiri. Nikilirudisha hivi, Makiwa atasema nimelivunja makusudi. Hatujamaliza hata wiki tangu tuanze kusalimiana."

Nikalikwangua masizi, nikalipiga msasa mpaka shaba ikacheka. Nikapasha chuma cha kulehemu kwenye makaa, nikapaka dawa, nikagusisha lehemu. Ikatiririka kuzunguka shina lote kama samli. Tukatia maji: halikuvuja hata tone. Nami, kama fundi mwenye adabu, nikamwonya: "Shangazi, lehemu inaishi kwa maji. Birika likiwa na maji, moto hauwezi kitu. Likikauka, lehemu itayeyuka. Mwambie mwenyewe asilisahau jikoni."

Shangazi akalirudisha, wala hakumwambia mwenyewe neno.

Sasa oneni mambo. Kilicholiponza birika ni mapatano yenyewe! Shangazi alikwenda kumsaidia Bi Makiwa kuchambua mchele, birika likiwa jikoni. Walikuwa na mazungumzo ya msimu mzima waliyonyimana: nani kaolewa, nani kaachwa, nani kanunua kabati lisilopita mlangoni. Maji yakachemka, yakapungua, yakakauka. Walishtuliwa na kishindo. Mdomo wa birika ulikuwa umedondoka makaani.

"Yallah! Birika la mume wangu!" Bi Makiwa akaruka na koleo.

Shangazi angeweza kunyamaza, akasingizia uzee wa birika. Hakunyamaza. "Makiwa, nilikuficha. Liliharibika mikononi mwangu, nikampelekea Mhando akalilehemu."

Bi Makiwa akamtazama.

"Kwa hiyo nimelitumia siku zote hizi nikidhani zima?"

"Niliogopa utasema nimelivunja makusudi."

"Ningesema," akajibu Bi Makiwa. "Siku ile ningesema, na mtaa mzima ungesikia." Kisha cheko likamponyoka, shangazi naye akashindwa kujizuia. Walicheka hadi mchele ukamwagika. Kuku wakaja, safari hii hakuna aliyewafukuza.

Walipotulia, Bi Makiwa akafuta macho kwa upindo wa kanga. "Lakini ungeniambia, shoga, ningelikalia macho. Chombo kizima unaweza kukiacha ukaenda kuteka maji. Kilicholehemiwa hakisahauliwi motoni. Na mimi na wewe, mwenzangu, tumelehemiwa juzi tu."

Wakaniletea, mmoja kashika mwili, mwingine kashika mdomo. Naona mnanyoosheana vidole. Nilisema haijawahi kurudishwa na mteja. Hawa walikuwa wateja wawili, hiyo ni hesabu nyingine. Nikaligongomea ribiti, vijisumari vya kubania mdomo, nikalehemu upya juu yake. Mpaka leo linachemsha chai, na mmoja wao lazima afunue kifuniko kutazama maji. Hata wenyewe kwa wenyewe ndivyo wanavyoishi: mmoja akinuna asubuhi, mwenziwe hangoji jioni, huja kuuliza.

Basi mjomba Shekiondo na mkewe wasijione wamekwishapona wakaacha kuangaliana. Kilicholehemiwa hakisahauliwi motoni. Na kama shangazi angesikiliza onyo langu...

"Onyo lipi?"

Nikageuka. Shangazi Mwanahawa amesimama nyuma ya watoto, komeo la mlango mkononi. Sijui kafika saa ngapi.

"Shangazi! Shikamoo. Karibu kiti."

"Marahaba. Onyo lipi, Mhando? Habari ya maji nimeijua kwako siku ile tulipokuletea mdomo. Siku ya kwanza uliniambia, 'Shangazi, hili hata ukilitia tanuri la matofali litatoka linapiga mluzi.'"

Watoto wakaangua kicheko. Mimi nikalipokea komeo, nikainama kwenye jiriwa, nikaanza kupiga tupa kwa nguvu, nisisikie wanalosema.