Kwa Nini Mbunge Huapa Peke Yake

Hapo kale, bunge lilipokuwa halina paa wala viti, wajumbe wa nchi ya Ndarasi waliapa wote kwa mpigo mmoja. Walisimama uwanjani, ngoma zikarindima, wakanguruma pamoja: "Tutatunza maji na ardhi ya watu!" Vigelegele vikapaa, mbuzi akachinjwa, basi. Nani angechungulia midomo? Na sheria ya huko ilikuwa hii: kiapo humfunga yule tu aliyesikiwa akikitamka.

Mwaka mmoja Wakesho alizunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura Mghanga, ndugu yake wa tumbo moja. "Mpeni," aliwaambia majirani, "namdhamini mimi." Wakampa. Siku ya kiapo Wakesho alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Mvua zikagoma. Kijiji kikabaki na chemchemi moja tu. Asubuhi Wakesho alikwenda na kibuyu chake, akakuta imezungushiwa miiba, na ndani ng'ombe wa Mghanga wanakunywa. Lahaula! Alidhani macho yanamdanganya.

Mghanga akaitwa barazani. Wazee wakamwambia, "Uliapa kutunza maji ya watu."

"Niliapa?" Mghanga akatabasamu. "Nani alinisikia?"

Baraza zima likapigwa na butwaa. Aliyesimama kuliani kwake siku ile alijisikia mwenyewe tu. Wa kushoto, vivyo hivyo.

"Mdomo nilifungua," akasema bila haya, "sauti sikutoa. Hata wewe, dada, ulikuwa unapiga vigelegele."

Jamani! Wakesho alitaka kulia, chozi halikuja. Ndugu aliyenyonya naye ziwa moja! Majirani aliowaomba kura wakamkodolea macho. Sheria ikamwachia Mghanga maji, na kijiji kikahama, watoto mgongoni.

Msimu wa kuapa uliporudi, ngoma zilipoanza tu, Wakesho alizifuata akabandika viganja juu ya ngozi za ngoma mpaka zikanyamaza.

"Leo hakuna kelele," akasema. "Mmoja mmoja! Taja jina lako, inua mkono hata kiziwi akuone, useme tukusikie."

Wa kwanza akaapa. Wa pili akaapa. Halafu, loo, wengine wakaanza kuokota fimbo zao na kuondoka! Watu wazima wenye mvi, walioshangiliwa miaka nenda miaka rudi! Kumbe Mghanga hakuwa peke yake. Watu walishika vichwa. Mzee mmoja alikaa chini palepale vumbini.

Na tangu siku hiyo mbunge mpya huitwa kwa jina lake, akasimama peke yake mbele ya wenzake, akainua mkono na kuapa kwa sauti. Akimeza neno, huambiwa arudie. Shangwe husubiri amalize, na anayenyamaza kuliko wote ni yule aliyemwombea kura.