Kamba Iliyokatwa Juu

Hapo zamani, katika mji wa Kirumbi, sheria haikuandikwa, ilifungwa. Jumbe akiamua neno, alipiga fundo kwenye kamba iliyoning'inia langoni, la leo chini ya la jana. Fundo halikufunguliwa. Aliyetaka kuliondoa aliikata kamba juu yake, na yote ya chini yakaanguka nalo.

Jumbe Kiwambo alipotawala, fundo lake la kwanza, la juu kabisa, lilikuwa la wajane: mume akifa, shamba ni la mke aliyelilima. Mashavu alikuwa ndiyo kwanza katoka eda. Shemeji yake, Makungu, alikwisha kulipima shamba la mihogo kwa hatua zake. Akarudi kwake amenuna. Mashavu akalima, wanawe watatu wakala.

Kiwambo angeishia hapo, angezeekea kitini. Lakini mkono ulimwasha. Akapiga fundo, soko lihame, likahama. Akapiga fundo, milango yote itazame mashariki. Watu wakabomoa kuta. Akapiga fundo, soko lirudi, likarudi. Akapiga fundo, milango itazame kusini. Akapiga fundo, matanga yawe siku moja. Ikawa mtu akiamka hupita kwanza langoni kuuliza leo kimekatazwa nini. Mashavu alibomoa ukuta wake mara mbili. Mama yake alipokufa, alimlia siku moja. Ya pili askari wakaja kumnyamazisha.

Ndipo akatokea Mwinyi Daffa, mtu asiye na mpango wowote, na hicho ndicho walichompendea. Kila baraza alisema maneno yaleyale: "Nichagueni mpumzike." Wakamchagua, hata wakwe zake Kiwambo.

Siku ya kutawazwa, Daffa akasimama langoni na panga. Akauliza, "Nikate wapi?"

Mashavu alikuwa mbele kabisa, fundo lake analiona. Jirani yake, Binti Mapande, akamfinya. "Shoga, mwambie akate chini ya la kwanza. Sema sasa hivi."

Mashavu akafungua kinywa. Nyuma yake umati ukanguruma: juu, juu. Akazikumbuka kuta zake mbili. Akamkumbuka mama yake. Naye akasema, "Juu."

Panga likashuka.

Kesho yake, jua halijapanda, Makungu yuko shambani. "Shemeji, hamisha wanao."

Mashavu akawashtaki wote watatu, Kiwambo, Daffa na Makungu, kwa wazee. Kiwambo akasema shamba alilitoa yeye, na panga hakulishika yeye. Binti Mapande, ambaye hakuna aliyemuuliza, akamwambia: ulimpa, kisha ukamchosha mpaka akalitupa.

Daffa akasema, "Niliuliza mbele ya mji. Ulinijibu na wenzako."

Makungu akasema hakufunga wala hakukata; amechukua cha kaka yake, kama baba zake walivyochukua.

Wazee wakamgeukia Mashavu. "Nilisema juu," akasema, "sikatai. Lakini mtu akiomba apumzike, ndiyo ameomba anyang'anywe?"

Wazee wakatazamana, mpaka leo wanatazamana, na watoto watatu wamekalia mizigo yao njiani. Haya, nyinyi hodari wa kuhukumu ya wenzenu: ni nani kati yao aliyemtoa Mashavu shambani?